Wafuasi Wengi, Maneno Mengi: Kweli na Uongo Kuhusu Nyota wa Bonde la Ufa

Panda matatu ya Nakuru kwenda Molo asubuhi ya baada ya mashindano makubwa ya riadha, kisha nyamaza usikilize. Mkifika Njoro utakuwa umeambiwa mwanariadha fulani analipwa kiasi gani, mwenzake aligombana na nani, na yule wa tatu ana wafuasi wangapi Instagram. Wasemaji wana uhakika wa ajabu. Hakuna anayesema "nadhani".

Nawe umeyasikia, usijifanye mgeni. Mengine yamekufikia saa tano usiku kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, yakiwa na ule mshale wa kuonyesha kwamba yameshatumwa na kutumwa. Nimeyachukua yale yanayorudiwa sana nikayadai ushahidi. Machache yamepita vizuri. Mengine yameanguka kabla ya kengele ya mzunguko wa mwisho.

"Yego hakuwa na kocha. YouTube ndiyo iliyomfundisha kila kitu."

Nusu kweli.

Julius Yego alizaliwa mwaka 1989 upande wa Tinderet, Nandi, mahali ambapo mtoto mwenye miguu miepesi huelekezwa barabarani akakimbie. Yeye akapenda mkuki. Kocha wa mkuki wa kumwendea hakuwapo, na mkuki wenyewe si kitu unachokipata dukani, basi akaanza na mikuki ya kuchonga kwa miti. Baadaye akagundua saiba. Wakati ule ulikuwa unalipia kila dakika, na video ikikwama ulilipia hata kule kukwama kwake. Hapo ndipo alipomtazama Jan Železný wa Jamhuri ya Cheki, aliyerusha mita 98.48 mwaka 1996 na ambaye mpaka leo hajafikiwa, pamoja na Andreas Thorkildsen wa Norway, bingwa wa Olimpiki wa 2004 na 2008. Anatazama, anakwenda uwanjani kujaribu, anarudi kutazama tena. Mwaka 2011 akatwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika jijini Maputo.

Mpaka hapo hadithi ya matatu iko sawa. Tatizo ni kwamba kutoka Maputo huwa inaruka moja kwa moja hadi Beijing, tarehe 26 Agosti 2015, mkuki ulipotua mita 92.72 na Kenya ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia katika mchezo wa riadha usio wa kukimbia. Katikati kuna jambo linaloachwa. Baada ya Maputo, shirikisho la riadha la dunia lilimfadhili akaenda Kuortane, Finland, na huko akakabidhiwa kwa kocha Petteri Piironen. Finland ni nchi inayouenzi mkuki kama sisi tunavyozienzi mbio za kuruka maji na viunzi. Baada ya hapo ndipo ikaja fainali ya Olimpiki London 2012, dhahabu ya Jumuiya ya Madola Glasgow 2014, kisha Beijing.

Kwa nini Finland husahaulika? Kwa sababu kijana, saiba na dhahabu ni hadithi inayotosha kwenye kichwa cha habari. Ukiongeza ufadhili, kambi na kocha wa kigeni, inakuwa ndefu na watu wanapitisha kidole. Jina la "Bwana YouTube" likaizunguka dunia, likampa Yego mashabiki hata katika nchi ambazo hazijui Tinderet iko upande gani, na hilo analistahili. Ila kijana wa leo anayedhani simu pekee inatosha anadanganywa. Video itakuonyesha bega la Železný. Haiwezi kukuona wewe, bega lako linavyofunguka mapema.

"Umaarufu wa namna hii umeletwa na simu. Zamani haukuwapo."

Uongo. Muulize mzee yeyote wa Baringo kuhusu Paul Tergat. Tarehe 28 Septemba 2003 huko Berlin alikimbia marathoni kwa saa 2 dakika 4 sekunde 55, akawa mtu wa kwanza kushuka chini ya saa 2 na dakika 5. Facebook ilianzishwa Februari 2004. Yaani Tergat alikuwa jina la kila nyumba kwa redio na magazeti tu, na watu waliokuwa hawajawahi kuona picha yake vizuri waliweza kukusimulia jinsi Haile Gebrselassie alivyomwacha kwa sehemu ya sekunde Sydney mwaka 2000.

Kilichobadilika ni umbali. Shabiki wa Tergat akitaka kumtukana ilimbidi anunue stempu.

"Wafuasi wengine ni wa kununua."

Kweli tupu. Kuna watu wanaouza wafuasi kwa maelfu, na bei zao wanazitangaza waziwazi. Desemba 2014 Instagram iliamua kufagia akaunti za uongo, na mwimbaji Justin Bieber akapoteza wafuasi zaidi ya milioni 3 kwa mpigo. Dalili yake unaijua: akaunti ina wafuasi laki tano, picha ina maoni kumi na mawili, yote ni alama za moto kutoka kwa majina yenye tarakimu nane nyuma.

Lakini usikimbilie kumshtaki mwenye akaunti. Akaunti bandia hupenda kujibandika kwa watu maarufu bila kulipwa, ili zionekane ni za binadamu wa kawaida wanaopenda riadha. Nyota anaweza kuwa na jeshi la wafuasi hewa ambalo hakulinunua na wala halijui.

"Wafuasi wakishafika laki kadhaa, pesa zinaingia zenyewe."

Uongo, na huu ndio unaowaponza vijana wengi.

Anza na pesa zinazojulikana. Katika Olimpiki ya Paris 2024, shirikisho la riadha la dunia lilimlipa kila bingwa dola 50,000, ambazo kwa viwango vya wakati ule zilikuwa kama shilingi milioni 6.5. Halikuuliza mtu ana wafuasi wangapi. Mikataba ya viatu na jezi ndiyo inayowalisha walio juu kwa mwaka mzima, na huko idadi ya wafuasi husaidia kidogo wakati meneja anapobishana bei, ila hakuna kampuni inayompa mkataba mkimbiaji wa nafasi ya arobaini kwa sababu anachekesha TikTok.

Mitandao yenyewe je? YouTube haikugawii mapato ya matangazo hadi uwe na watu 1,000 waliojiandikisha na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka mmoja, au video zako fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Facebook ilianza kuwalipa watengeneza video wa Kenya mwaka 2024. Na ukilipwa, serikali inakungoja mlangoni: Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya aina hiyo.

Sasa sikiliza hili, ambalo katika matatu silisikii kabisa. Picha za mbio si mali ya mkimbiaji. Haki za kuonyesha mashindano ni za waandaaji na vituo vya televisheni vilivyonunua. Mwanariadha akijipakia mwenyewe akikata utepe, video inaweza kuondolewa. Kwa hiyo ukiona mtu ana mamilioni ya kutazamwa kwa ushindi wa binti fulani wa Keringet, mara nyingi mpokeaji wa senti zile ni kijana fulani aliyekata sekunde kumi na tano na kuziwekea muziki. Bingwa mwenyewe yuko kitandani saa tatu usiku, kwa sababu alfajiri kuna kilomita za kukimbia.

"Akaunti ikiwa na alama ya buluu, huyo ni mwenyewe."

Uongo. Ilikuwa karibu na kweli zamani. Tangu Novemba 2022 alama ile kwenye X inauzwa kwa malipo ya kila mwezi, na kampuni ya Meta ikafuata mwaka 2023. Meta angalau inadai kitambulisho. Kwa hiyo "bingwa" akikuandikia ghafla kwamba amekwama uwanja wa ndege na anaomba umtumie M-Pesa, hata akiwa na alama tano za buluu, zima data ukalale. Kujifanya mtu mwingine kwa ulaghai mtandaoni ni kosa chini ya kifungu cha 29 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018: faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote.

"Lisemwalo lipo. Kipchoge anajua kilichomuua Kiptum."

Uongo. Uongo mkubwa, na ulimfikia mtu nyumbani kwake.

Tuyaweke yanayojulikana. Kelvin Kiptum wa Chepkorio, Elgeyo Marakwet, alikimbia marathoni tatu tu maishani na akashinda zote: Valencia Desemba 2022, London Aprili 2023, Chicago Oktoba 2023. Ile ya Chicago ilikuwa rekodi ya dunia, saa 2 na sekunde 35, akiipiku ya Eliud Kipchoge ya saa 2 dakika 1 sekunde 9. Rekodi iliidhinishwa rasmi mwanzoni mwa Februari 2024. Usiku wa Jumapili tarehe 11 mwezi huohuo, Kiptum akiwa ndiye anayeendesha, gari lake liliacha barabara upande wa Kaptagat na kugonga mti. Alifariki pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana wa Rwanda. Abiria wa tatu alinusurika. Uchunguzi wa mwili ulionyesha majeraha makubwa ya kichwa. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Haya ndiyo yaliyomo kwenye kumbukumbu za umma. Hakuna hata chembe inayomgusa Kipchoge. Mitandaoni, hata hivyo, kulikuwa na sababu moja ya kutosha: huyu alivunjiwa rekodi na yule. Watu wakaanza kuunganisha, na kila aliyeunganisha akapata mioyo na vicheko vya kumtia moyo.

Mei 2024 Kipchoge aliieleza BBC yaliyompata. Alitishiwa kuchomewa nyumba, kambi na vitegauchumi vyake. Wanawe walikuwa na kawaida ya kuendesha baiskeli. Ikabidi wazuiwe, wawe wanapelekwa shule kwa gari na kuchukuliwa jioni. Alishukuru kwamba binti yake alikuwa bwenini, mbali na simu. Mwanzoni mwa Machi alikwenda Tokyo kukimbia akiwa na mzigo huo kichwani, akamaliza wa kumi, yeye aliyezoea kusubiriwa kwenye utepe. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba baadhi ya maneno makali yalitoka kwa watu aliowafahamu, wengine wa mazoezini. Akapoteza marafiki wengi mno. Hapa wahenga walipatia: kikulacho ki nguoni mwako. Waliokosea ni sisi tuliochukua "lisemwalo lipo" tukaligeuza kuwa cheti cha ushahidi.

Alishauriwa kufunga akaunti zake. Alikataa, kwa hoja kwamba akiondoka ataonekana ana la kuficha. Unaweza kubishana na uamuzi huo. Mimi ningezima zamani. Lakini angalia alivyobanwa: umaarufu uleule uliobebeshwa sifa za Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1 dakika 59 sekunde 40, ndio uliobeba matusi. Njia ni moja, na haina kizuizi cha polisi.

Nawe uliyetuma ile video yenye duara jekundu na sauti ya kutisha, hukumu hii inakuhusu.

"Mwanamke akishazaa, jina limekwisha."

Uongo, na kwetu Nakuru ni aibu kuusema kwa sauti. Faith Kipyegon wa Keringet, Kuresoi Kusini, alijifungua binti Juni 2018. Dhahabu moja ya Olimpiki alikuwa nayo tayari, ya Rio. Baada ya mtoto akaongeza ya Tokyo na ya Paris. Rekodi zake zote za dunia za mita 1500 na maili zimekuja baada ya leba, ikiwemo ile ya Eugene ya tarehe 5 Julai 2025, dakika 3 sekunde 48.68. Mary Keitany wa Baringo ana watoto wawili, na alishinda New York mara nne, zote baada ya kuzaa wote wawili.

Kuna jambo jingine kuhusu jina la Kipyegon linalostahili kutazamwa. Tarehe 26 Juni 2025 jijini Paris alijaribu kukimbia maili chini ya dakika 4. Hakufaulu; saa ilisimama kwenye dakika 4 sekunde 6.42, na hata hiyo haikuhesabiwa rekodi kwa sababu ya namna alivyosaidiwa na waliomkinga upepo, wakiwemo wanaume. Kwa kipimo cha riadha ni jaribio lililoshindwa. Kwa kipimo cha simu, watu ambao hawakuwahi kumsikia waliamka wakiuliza huyu ni nani. Siku 9 baadaye akavunja rekodi halali, na ikazungumzwa kidogo kuliko jaribio. Kizuri chajiuza, wanasema. Labda sokoni Wakulima. Kwenye simu, kizuri kinahitaji kampuni ya viatu, taa, na saa inayohesabu kushuka.

"Mcheza kwao hutunzwa."

Kweli, ila tunzo lina mazoea ya kuchelewa.

Mwaka 2016 dunia nzima ilimwona Kipyegon akishinda Rio. Kijijini Ndabibit babake hakuwa na umeme. Alilisema hilo hadharani, akamwomba Rais Uhuru Kenyatta awaunganishie stima ili naye awe anamtazama bintiye akikimbia. Siku chache baadaye mafundi walifika, na televisheni ikaja pamoja nao. Fikiria mpangilio huo: watu wa Rio, Tokyo na Nairobi wameshamwona mtoto, kisha ndipo nguzo inafika kwao. Juni 2023, baada ya rekodi mbili za dunia ndani ya siku saba, Rais William Ruto alimpa shilingi milioni 5 na nyumba. Hilo ni tunzo, hakuna ubishi.

Lakini usiseme kwamba jina kubwa humlinda mtu na uzembe wa nyumbani. Wakati wa safari ya Rio hiyohiyo, Yego, bingwa wa dunia, alifika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta akakuta tiketi yake haipo. Kelele zilipigwa, nafasi ikapatikana, akasafiri. Akarudi na medali ya fedha aliyoipata kwa mrusho wa kwanza tu, mita 88.24, kabla ya kuumia.

"Mchezo mdogo haumpi mtu jina. Nani atamfuata mchezaji wa handiboli?"

Uongo. Waulize Waslovenia.

Slovenia ina watu milioni 2 na ushei. Sensa ya 2019 iliipa Kaunti ya Nakuru watu 2,162,202. Yaani nchi yao yote ni sisi, kuanzia Naivasha hadi Kuresoi. Bado timu yao ya wanaume ilipata shaba ya dunia mwaka 2017 kwa kuifunga Croatia 31 kwa 30, na katika Olimpiki ya Paris ikakosa shaba kwa bao moja dhidi ya Uhispania, 22 kwa 23. Winga wao Blaž Janc amechezea Barcelona tangu 2020 na kuchukua ubingwa wa klabu za Ulaya zaidi ya mara moja. Mchezaji wa aina hiyo ana mashabiki wa kwao, ana wa klabu, na ana wengine wa mbali ambao hawajui hata sheria za mchezo.

Siri iko kwenye mchezo wenyewe. Uwanja ni mita 40 kwa 20, wachezaji saba kila upande, kamera iko karibu hadi unaona jasho. Mpira huweza kupita kasi ya kilomita 100 kwa saa. Timu moja hufunga mabao kama thelathini kwa mechi, na winga akiruka kutoka pembeni akaachia mpira angali hewani, hiyo tayari ni video ya sekunde sita isiyohitaji maelezo. Mechi moja hukupa hizo kadhaa. Mbio za mita 10,000, kwa mapenzi yangu yote, zinakupa mizunguko 25.

Na Kenya handiboli ipo. Wanawake wa Nairobi Water wametawala ligi ya hapa kwa miaka na kubeba vikombe vya klabu za Afrika Mashariki na Kati. Mchezo umo kwenye ratiba ya shule za upili pia, kwa hiyo si ajabu kumkuta msichana wa Njoro au Subukia mwenye mkono wa kutisha kipa. Kikwazo ni kwamba mashindano hayo ya shule huchezwa muhula wa kwanza, mchana wa jua kali, mbele ya mamia ya wanafunzi ambao hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kuwa na simu.